Kampuni ya Bia Ikivuka Mpaka, Mfanyakazi Ahesabu Nini?



Kampuni ya vinywaji inapotaka kuingia nchi ya jirani, wakubwa wake hukaa kwanza wakapiga hesabu. Wanywaji ni wangapi? Ushuru wa bia ni kiasi gani? Maji yapo? Shayiri itatoka wapi? Chupa tupu na kreti zitarudi vipi kiwandani? Wenye mabaa wamekwisha kushikwa na kampuni iliyotangulia?

Hesabu hiyo hatuilaumu. Pasipo soko hapana kazi. Lakini ina upungufu mmoja: haiulizi ni nani atakayelipa ikiwa safari itashindikana.

Tutazame jirani zetu, Kenya na Tanzania. Mwaka 1993 South African Breweries ilinunua nusu ya Tanzania Breweries, iliyokuwa mali ya serikali. Ilipoimarika huko ikavuka mpaka, na mwaka 1998 ikafungua kiwanda cha bia ya Castle mjini Thika. Nayo East African Breweries ya Kenya, wenye Tusker, walikuwa na kiwanda chao cha Kibo mjini Moshi. Kila mmoja aliingia nyumbani kwa mwenzake, wakagombania mnywaji yule yule.

Mwaka 2002 wakubwa wakapatana. Kila upande ulipata hisa asilimia 20 katika biashara ya bia ya mwenzake. Castle ikawa inapikwa na Kenya Breweries, na Tusker ikawa inapikwa na Tanzania Breweries. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na cha Moshi kikafungwa. Husemwa tembo wakipigana nyasi huumia. Sisi tumeona kwamba hata wakipatana, nyasi huumia vile vile.

Patano lenyewe halikudumu. Mwaka 2010 East African Breweries ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ya Tanzania, na mashindano yakaanza upya. Lakini mtu aliyepoteza kazi mwaka 2002 hakuweza kungoja miaka minane bila mshahara.

Hapa Uganda makampuni hayo mawili yaliendelea kushindana, moja Jinja na jingine Port Bell. Jambo hili lina maana kwetu. Viwanda viwili vikishindana, fundi wa mitambo ana milango miwili ya kubisha. Wenye mali wakishikana mikono, unabaki mlango mmoja, na mwenye mlango ndiye atakayetaja mshahara.

Ndugu zetu wa mashambani wasidhani haya ni ya watu wa viwandani tu. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilipotoza ushuru mpya bia ya Senator, inayopikwa kwa mtama, mauzo yalianguka, na wakulima wengi wa mtama wakakosa pa kuuza. Soko la bia likipiga chafya, shamba hushikwa na homa.

Kwa hiyo, kampuni ikija na ngoma na matarumbeta kufungua kiwanda, tuipokee, lakini na sisi tuwe na hesabu yetu.

Kwanza, mkataba wa kazi utaje tangu mwanzo malipo ya kila mwaka wa utumishi endapo kiwanda kitafungwa, hata kama kinafungwa kwa sababu ya mapatano ya wenye hisa.

Pili, chama kiarifiwe na kusikilizwa kabla ya uamuzi, si kusoma tangazo lililobandikwa langoni.

Tatu, matawi ya vyama pande zote za mpaka yapashane habari za mishahara na za mipango ya kampuni. Wakubwa hupigiana simu kutoka Nairobi hadi Johannesburg. Kwa nini mfanyakazi wa Jinja asijue mwenzake wa Nairobi analipwa nini?

Mtaji hauna mpaka. Umoja wa wafanyakazi nao usiishie mpakani.