Kazi si Kipimo cha Mtu

Husemwa sana katika vyumba vya masomo kwamba mtu ni kazi yake. Kijana huulizwa atakuwa nani, naye hujibu kwa kutaja ajira: mhasibu, tabibu, mwalimu, mwongoza watalii. Swali lilihusu nafsi. Jibu limehusu riziki. Kosa hili ni dogo masikioni lakini ni kubwa maishani, kwa kuwa aliyejitia mzima katika cheo hubaki mtupu siku cheo kiondokapo.

Aaminiye hivyo na aende Daa, katika wilaya ya Karatu, kwenye nyanda za juu zipakanazo na Ngorongoro. Wairaqw wa nchi hiyo ni wakulima na wafugaji. Mahindi, maharage, mbaazi na ngano ndiyo mazao yao. Miongoni mwao upo utungo wa mdomo uitwao slufay. Mzee husimamia maneno kwa mpangilio wa ushairi, akiomba amani, mvua, na afya ya watu na mifugo, na waliohudhuria humwitikia. Mzee huyo hana ofisi ya ushairi wala hati ya kuajiriwa utunzi. Alitoka shambani akaingia barazani, na barazani kinywa chake ni hazina ya watu wake. Hakuna amwambiaye kwamba anapoteza wakati. Jembe humlisha, neno humtambulisha.

Fikra ya kumpima mtu kwa ajira yake haikutoka kwa wazee hao. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika ya kikoloni, kibarua alipewa kipande cha siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku nyingine haikuwa na alama, kana kwamba hakuiishi. Kipande kilijua idadi ya siku zake, hakikujua nyimbo zake. Kipande chenyewe kimekwisha, lakini akili ya kipande ingali hai, tena imepata makao vyuoni. Mwanafunzi atungaye mashairi huulizwa yatamwajiri wapi, na aulizaye hujiona amesema neno la busara.

Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa na Shaaban Robert. Aliingia katika ukarani wa forodha mwaka 1926, akautumikia ukarani katika idara mbalimbali za serikali, Mpwapwa na Tanga zikiwamo, kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka hiyohiyo aliandika mashairi, insha na hadithi. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, naye angali mtumishi. Alifariki mwaka 1962. Nani leo afunguaye daftari za forodha alizoziandika? Vitabu vyake vinafunguliwa kila mwaka. Ukarani haukuwa aibu, maana ulimpa chakula. Lakini haukuwa yeye.

Wako wabishao kwamba kipaji cha kweli hudai mtu aache kazi. Humtaja Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyeacha kuuza vyungu akawa mwimbaji, na sauti yake ikanaswa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Mfano ni mzuri, ila unawageukia wenyewe. Sauti ile haikuzaliwa siku vyungu vilipotuliwa; ilikuwapo njiani, alipokuwa akivinadi. Angaliingoja ajira ya kuimba ndipo aimbe, asingalisikiwa na mtu.

Wako pia wasemao kwamba wakati hautoshi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kuwa ukomo wa kazi ya kawaida kwa juma. Juma lina saa 168. Ondoa hizo, ondoa na 56 za usingizi. Hubaki saa 67. Mwenye ofisi na mshahara asiyepata hata mbili kati yake za kusoma na kutunga hajakosa wakati, amekosa nia.

Lakini hesabu hii isigeuzwe fimbo ya kumpigia mnyonge. Mwanamke atokaye shambani kisha akateka maji, akatafuta kuni na kupika, hana saa 67. Dereva wa watalii aamkaye kabla ya alfajiri na kurudi usiku hana. Kumwambia huyo ajitafute baada ya kazi ni kumdhihaki, maana kazi yake haina baada. Kwa hiyo apendaye fasihi hawezi kunyamaza juu ya saa za kazi, maji ya bomba na siku ya mapumziko. Anyang'anyaye watu mapumziko huwanyang'anya pia tungo ambazo wangalizitunga.

Vyuo navyo vina deni. Vikimfunza kijana wa Daa kazi ya kumpa mkate, vimetenda wema. Vikimwaminisha kwamba mkate ndio jina lake, vimemwibia. Na aulizwe swali la pili pamoja na la kwanza: anatunga nini, na anamtungia nani? Asipoulizwa, slufay itakwisha bila ya mtu kuipiga marufuku. Warithi wake watakuwa wazima, wenye vyeti, wakingoja atokee mtu wa kuwaajiri waiseme.