Mwenye Kazi Mlangoni mwa Chuo cha Uuguzi: Hesabu ya Muhoroni

Mafunzo ya msingi ya uuguzi nchini Kenya yamepangwa kwa mtu asiye na kazi nyingine. Stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, ambayo hospitalini hujulikana kwa herufi zake KRCHN, huchukua miaka mitatu, na ndani ya miaka hiyo mwanafunzi hufundishwa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na uuguzi wa wagonjwa wa akili. Ni taaluma nne katika cheti kimoja. Baada ya wiki kadhaa darasani, mwanafunzi hupelekwa wodini, chumba cha kujifungulia, kliniki ya watoto au zahanati ya kijijini, na huko hufuata zamu kama wauguzi wenyewe: asubuhi, alasiri na usiku. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani na msimamizi wa wodi, na mwanafunzi huipokea ilivyo.

Kwa kijana anayetoka shuleni moja kwa moja, ambaye wazazi wanamlipia karo na chakula, mpango huu haumsumbui. Tatizo liko kwa aliyemaliza kidato cha nne miaka mitano au kumi iliyopita, akapata alama za kutosha, akakosa karo, akaingia kazini, na sasa ana watoto au wadogo wanaomtegemea. Mtu huyo akiuliza kama anaweza kusoma huku akifanya kazi, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba achague moja. Makala hii inapima kama jibu hilo ni la haki, na kama ni la lazima.

Muhoroni ni mahali ambapo swali hili lina uzito wake. Mji huu uko mashariki mwa Kaunti ya Kisumu, mahali nchi tambarare ya ziwa inapoanza kupanda kuelekea milima ya Nandi na Kericho. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na kiwanda cha sukari kilianzishwa mwaka 1966. Kando yake kuna kiwanda kinachotengeneza spiriti na hamira kutokana na molasi. Kwa miaka mingi maisha ya mji yamefuata king'ora cha kiwanda: kikisaga, maduka yanauza, kikinyamaza, hata mama wa mandazi anapunguza unga. Kiwanda cha sukari kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji wa kibinafsi kwa miaka 30. Kizazi kizima cha watu wa Muhoroni kimekulia katika kipindi ambacho mshahara wa kiwandani haukuwa jambo la kutegemewa kila mwisho wa mwezi. Wakata miwa, wapakiaji, madereva wa trekta, waendesha boda boda, wahudumu wa maduka ya dawa: miongoni mwao wamo wenye vyeti vinavyowaruhusu kuomba nafasi ya uuguzi.

Masharti ya kuingia yako wazi. Baraza la Wauguzi la Kenya linataka, kwa stashahada, wastani wa C katika mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, pamoja na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Kwa shahada ya kwanza wastani hupanda hadi C+, nayo masomo yenyewe huchukua miaka minne kabla ya mwaka wa mafunzo kazini. Nafasi za vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba, KMTC, vilivyotapakaa nchini kikiwemo cha Kisumu, sasa huombwa kupitia tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na kwa mtu wa Muhoroni asiye na kompyuta hilo humaanisha saiba ya mjini na kijana wa saiba anayejua kubofya. Ni katika alama za somo moja moja ndipo wengi hupotea bila kujua. Mwenye C ya jumla lakini D+ katika Biolojia hawezi kupita hata awe na wastani mzuri kiasi gani. Dawa yake ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na hilo lapaswa kujulikana kabla ya kulipa ada ya maombi. Jambo la pili ni kukagua kama chuo, hasa cha kibinafsi, kimeidhinishwa na Baraza, kwa kuwa kila mwanafunzi lazima aandikishwe na Baraza mara anapoanza masomo. Asiyeandikishwa hataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, na miaka yake itakuwa imekwenda bure.

Baada ya alama huja karo, na kwa familia za miwa shida kubwa zaidi kuliko kiasi cha pesa ni tarehe yake. Miwa iliyopandwa upya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kukatwa. Chukua familia yenye ekari mbili iliyopanda mwezi wa Machi, mwaka ambao mtoto wao yuko kidato cha nne. Mtihani ni Novemba. Mwaka unaofuata, Septemba, chuo kinafungua milango na kudai karo ya muhula wa kwanza. Siku hiyo miwa bado imesimama shambani, au imefikisha umri na inangoja trekta. Ikikatwa, itapimwa kwenye mizani ya kiwanda, kisha malipo yatangojwa kwa wiki au kwa miezi. Familia ina mali, na mali hiyo inaonekana kutoka barabarani, imekomaa na inayumba kwa upepo, lakini mhasibu wa chuo hapokei miwa. Ndiyo maana wengi huiahirisha nafasi, wakaingia kibarua ili wakusanye, na ahirisho la mwaka mmoja likawa la miaka minane.

Mikopo ipo. Bodi ya HELB ina mfuko wa Afya Elimu uliowekwa mahsusi kwa wanafunzi wa vyuo vya afya, na basari za eneo bunge na za kaunti huongezea kidogo. Fedha hizi zimewaokoa wengi, na si haki kuzibeza. Lakini zimekusudiwa karo. Mama wa watoto wawili anayeacha kazi ya dukani ili aende chuoni hapotezi karo peke yake; hupoteza pia unga wa kila siku, kodi ya chumba na karo ya watoto wake. Pengo hilo halina fomu ya kulijaza.

Kwa hiyo wengine hujaribu njia ya katikati: kusoma mchana, kufanya kazi usiku. Sheria ya kazi ya Kenya humpa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka baada ya kutumikia miezi kumi na miwili. Haimlazimishi mwajiri wa kibinafsi kumpa likizo ya masomo. Mlinzi wa usiku wa Muhoroni aliyepata chuo Kisumu ana zaidi ya kilomita 50 za matatu kati ya lindo lake na darasa. Akitoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi na kufika darasani saa mbili, atakaa kwenye dawati, macho yatakuwa wazi, na somo halitaingia.

Kulala usingizi darasani ni hasara ya mwanafunzi mwenyewe. Wodini ni jambo jingine, na hapa ndipo hoja ya wanaotetea masomo ya muda wote inapokuwa na nguvu ambayo haifai kupuuzwa. Ukanda wa ziwa ni nchi ya malaria. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya malaria nchini ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Mtoto anayeletwa usiku akiwa na malaria kali hudungwa dawa ya atesuneti: mara anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kila siku hadi aweze kumeza dawa. Kipimo hutegemea uzito. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefikisha kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4. Mtoto wa kilo 12 basi anahitaji miligramu 36. Kichupa kina miligramu 60 za unga, unaoyeyushwa kwa mililita moja ya bikaboneti, kisha ukaongezwa mililita tano za maji ya chumvi, ili kila mililita iwe na miligramu 10. Bomba lijazwe mililita 3.6. Aliyechoka akitumia kipimo cha mtu mzima atafika miligramu 28.8, naye mtoto atakuwa amepunjwa dawa katika saa anayoihitaji kuliko zote. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kinachokosekana saa tisa usiku ni akili iliyopumzika. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hutenda kama aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva.

Saa za wodini, basi, hazifai kupunguzwa wala kubanwa kati ya kazi mbili. Hapo Baraza na vyuo wana haki kabisa. Wanapokosea ni kuichukulia sehemu ya darasani kana kwamba nayo haiwezi kupangwa upya. Anatomia, lishe, famakolojia ya mwanzo na maadili ya kazi ni masomo ambayo mtu anaweza kuyasoma Jumamosi katika ukumbi wa shule, au jioni kwa simu, mradi mitihani isilegezwe.

Kenya yenyewe imeshathibitisha hilo. Mwaka 2005 shirika la Amref, kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi, lilianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti cha chini ili wafikie stashahada. Wauguzi wa namna hiyo nchini walikuwa zaidi ya 20,000, na kwa vyuo vya bweni pekee kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Muuguzi alibaki katika kituo chake, akasoma nadharia kwa kompyuta, akafanya mazoezi katika hospitali ya karibu. Wagonjwa wake hawakuachwa, na mshahara wake haukukatika. Leo vyuo vikuu kadhaa vina mipango ya namna hiyo kwa wenye stashahada wanaotafuta shahada. Mlango wa mwenye kazi umefunguliwa, lakini umefunguliwa kwa aliyekwisha kuingia. Aliye nje bado anaambiwa achague moja, na sababu ya tofauti hiyo haijawahi kuelezwa kwa namna ya kuridhisha.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2017 hospitali za huko zinaweza kumwajiri mtu na kumsomesha shahada ya uuguzi akiwa mfanyakazi wao, akilipwa mshahara. Hapunguziwi kitu: saa 2,300 za mazoezi anazodaiwa mwanafunzi wa kawaida anadaiwa naye pia. Kuuleta mpango huo Kisumu jinsi ulivyo hakuwezekani kwa sasa. Kaunti zimekuwa zikihangaika kuwalipa hata wauguzi waliopo; mgomo wa mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Lakini kugawa ratiba hakuhitaji bajeti ya Uingereza. Chuo kinaweza kutenga nadharia ya mwaka wa kwanza iwe ya wikendi kwa miezi 18, kisha kimpe mwanafunzi tarehe za wodini miezi sita mapema, kwa vipindi vizima vya wiki nane au kumi. Mtu akijua mapema ataweka akiba, atazungumza na mwajiri wake, atamleta shangazi kukaa na watoto. Familia ya miwa nayo itaweza kulinganisha msimu wa kuvuna na msimu wa kulipa.

Kuna kundi moja ambalo mpango wa namna hiyo ungelifaa kuliko wote. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Katika vijiji vya Muhoroni ndio wanaopita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu, wakimwelekeza mama mjamzito kliniki, wakiuliza kama mtoto amekamilisha chanjo. Wamejifunza jambo ambalo chuo hupata tabu kulifundisha, nalo ni kuingia katika nyumba ya mtu maskini bila kumwaibisha. Wengine wana C ya KCSE. Hata hivyo, miaka ya kazi hiyo haihesabiwi popote mtu anapoomba nafasi. Mbele ya tovuti, mhudumu wa miaka kumi na mtahiniwa wa jana ni sawa. Kumpa mhudumu huyo nafasi ya kwanza, alama zikiwa zimetimia, kusingeshusha kiwango cha uuguzi hata kidogo. Kungezipa pia hospitali za mashambani wauguzi wenye sababu ya kubaki, kwa maana nyumba zao ziko hapo hapo.

Wakati wa kuyapanga haya haupo mbali. KCSE itafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya watamaliza shule ya upili mwaka 2028. Masharti ya kuingia chuo cha uuguzi, yaliyoandikwa kwa herufi za C na C-, itabidi yaandikwe upya kwa vyovyote vile, na pamoja nayo itabidi iamuliwe jinsi ya kuwapokea wenye vyeti vya zamani, ambao wakati huo karibu wote watakuwa watu wazima walio kazini.