Barabara Isiishie Gatini

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Daraja hilo la kilomita 3 limeondoa adha ya miaka mingi. Wasafiri waliokuwa wakipoteza saa nyingi kungoja kivuko sasa huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Hiyo ni kazi kubwa, nasi hatuna budi kuipongeza.

Hata hivyo, ziwa haliishii Busisi. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na huko kivuko ndicho daraja. Mwananchi wa Ukerewe anayetaka kufika Bunda kwa gari hushika kwanza njia ya kijijini kwake, kisha barabara ya kwenda Rugezi, kisha huvushwa kwa kivuko hadi Kisorya, ndipo aikute barabara ya Bunda. Kwake yeye hiyo ni safari moja. Lakini kiutawala ni safari ya ofisi tatu: njia za vijijini zi chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, barabara kuu na za mkoa zi chini ya TANROADS, na vivuko vya Serikali vi chini ya TEMESA.

Hatusemi kwamba mgawanyo huo wa kazi ni mbaya. Tunalolisema ni kwamba mwananchi asiachwe kwenye mipaka ya ofisi. Barabara ikitengenezwa vizuri mpaka ufukweni, magari yakaongezeka, na kivuko kikabaki kilekile, foleni haikuondolewa. Imesogezwa tu hadi majini. Na msongamano wa majini si sawa na wa nchi kavu. Tarehe 20 Septemba, 2018, MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Wenzetu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Mtu asiye na njia nyingine hupanda hata chombo kilichokwisha kujaa.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila barabara iendayo gatini ipangwe pamoja na kivuko chake, na pawe na mahali pa magari kungojea bila kuwazibia wakazi njia. Pili, wahandisi wakae na halmashauri za vijiji kabla ya kuchora ramani, si baada ya nyumba kupigwa alama ya X. Wanakijiji ndio wajuao watoto wa shule wanavukia wapi, wachuuzi wa samaki wanapakia wapi, na maji ya mvua yanaelekea wapi. Tatu, saa za kivuko zibandikwe gatini na ziheshimiwe, na uwepo utaratibu unaoeleweka wa kumvusha mgonjwa usiku.

Wananchi nao wana wajibu wao. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Si haki mtu ajenge kibanda humo akijua, kisha alalamike kinapobomolewa. Wala si ujasiri kung'ang'ania chombo kilichojaa. Nahodha akisema basi, iwe basi.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Daraja la Kigongo na Busisi limejengwa kwa fedha za Watanzania wote, wakiwamo wavuvi na wakulima wa visiwani. Wao pia wanastahili kufika waendako kwa salama na kwa wakati. Tunawaomba wakuu wa ofisi hizo tatu wafike Rugezi na Kisorya kwa pamoja, wavuke na abiria siku ya gulio, wawasikilize, ndipo warudi kuandika mipango yao.