Mgonjwa wa Moyo Akihuzunika, Tusimwambie Imani Yake ni Haba



Ndugu zetu, mara nyingi tunapokwenda kumjulia hali mtu aliyelazwa kwa maradhi ya moyo, tunamkuta amerudi nyumbani lakini hana raha. Chakula hakimpiti, usingizi hapati, wageni hawataki. Nasi tunamwambia: "Shukuru Mungu umepona. Zidisha imani." Tunaondoka tukidhani tumemfariji, kumbe tumemuongezea mzigo. Sasa anaumwa moyo, na juu yake anajiona Muislamu mbaya.

Tunaona tabia hii tuiache. Inakadiriwa kuwa kiasi cha mtu 1 katika kila 5 waliopatwa na shambulio la moyo huingia katika sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Huzuni hiyo humfanya mgonjwa aache dawa na akose kliniki. Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na ndiye aliyetuhimiza tutafute tiba. Nani kati yetu atasema machozi yale yalikuwa upungufu wa imani?

Tiba mojawapo ni mazungumzo na mshauri aliyesomea kazi hiyo. Chukua mfano wa mzee anayepanda kilima kwenda msikitini. Moyo unamwenda mbio, anajiambia "leo nakufa", anarudi. Kesho yake hatoki tena. Daktari akishahakikisha kuwa kutembea hakumdhuru, mshauri humsaidia kulipima wazo lile: leo hatua chache, kesho zaidi, mpaka hofu ipungue. Mwingine anaumia rohoni kwa sababu daktari amemkataza kufunga Ramadhani. Hapo sheikh na mshauri wanaweza kusaidiana.

Tuseme kweli yote. Utafiti wa Marekani uitwao ENRICHD, uliotangazwa mwaka 2003, ulihusu wagonjwa 2,481 waliopatwa na shambulio la moyo, wenye sonona au wasio na watu wa karibu. Waliopewa tiba ya mazungumzo walipata nafuu zaidi ya huzuni, lakini vifo na mashambulio mapya hayakupungua. Basi tiba hii haichukui nafasi ya vidonge. Lakini kurudi kucheka na wajukuu si neema ndogo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuingia katika vikundi. Hawakuchaguliwa kwa kuwa na ugonjwa wa moyo, lakini wametuonyesha kuwa tiba ya mazungumzo inawezekana hata vijijini kwetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Familia, msimuache mgonjwa aende kliniki peke yake. Mwelezeni daktari habari ya huzuni pia, si presha tu. Wanafunzi, mkiwa likizo msindikizeni babu au bibi katika matembezi yake ya jioni. Na sote, tukimtembelea mgonjwa, tumsikilize kabla ya kumpa mawaidha. Akisema hataki tena kuishi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dua tumuombee, na tiba tumtafutie. Moja haizuii nyingine.

Wabillahi tawfiiq.