MAARIFA YA NYUMBANI: Tangi la Samaki Lipotezalo Maji Kidogo Kidogo

Tangi lile la kioo lilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 45, nalo liliwekwa juu ya meza ya mbao sebuleni, katika kota moja ya polisi mjini Entebbe. Koplo mwenye nyumba alikuja nalo alipopewa uhamisho, likiwa nyuma ya lori pamoja na vitanda na magunia ya mkaa. Halikuvunjika, na jamaa wote wakashukuru. Miezi miwili ilipopita, binti yake mdogo, ambaye kazi yake ya kila asubuhi ni kuwalisha samaki, alimwita babaye kabla hajavaa viatu vya kazi.

"Baba, maji yamepungua tena. Na jana mama aliongeza jagi zima."

"Ni joto tu, mwanangu. Maji huruka hewani."

Mama wa nyumba alikuwa akifagia. Aliinama, akapitisha kiganja chini ya ubao wa meza, akakitoa kikiwa na unyevu. Plaiwudi ilikuwa imevimba na kuanza kupasuka tabaka kwa tabaka. "Basi joto hilo, Baba," alisema, "limekwisha kuingia mpaka ndani ya mbao."

Jibu la koplo ndilo jibu la watu wengi, wala si uongo. Tangi lisilo na kifuniko, na hasa lenye pampu inayopuliza hewa na kutibua uso wa maji, hupoteza maji kila siku pasipo tundu lolote. Kwa hiyo kabla ya kulishutumu tangi, yafaa kwanza kupima. Huwekwa bakuli pana lenye maji kando ya tangi, mahali penye hewa ile ile, na vyombo vyote viwili hutiwa alama ya penseli juu ya kipande cha utepe pale maji yalipofikia. Pampu huzimwa kwa muda wa kipimo ikiwa samaki ni wachache, ili nyuso zote mbili zitulie sawasawa. Baada ya saa 24 hutazamwa upungufu wa kila kimoja. Katika nyumba ile bakuli lilipungua milimita 4, na tangi milimita 8.

Milimita 4 za ziada si kitu kwa macho, bali kwa hesabu ni kitu. Eneo la tangi lile ni sentimita za mraba 2,700; basi kila milimita moja ni robo lita na zaidi kidogo, na milimita 4 ni zaidi ya lita moja kwa siku. Hilo ni kama tone moja kila sekunde nne, usiku na mchana. Mbao huyanywa matone hayo, saruji huyakausha, na mwenye nyumba haoni dimbwi lolote. Ndiyo sababu uvujaji wa namna hii huweza kuendelea miezi mingi, hata siku meza iliyooza isalimu amri. Tangi hilo likiwa na maji ya kimo cha sentimita 40 hubeba lita 108, yaani kilo 108. Pamoja na vioo na changarawe uzito wake hukaribia kilo 130. Uzito huo ukiangukia sebule wanamochezea watoto, hasara haitakuwa ya samaki peke yao.

Jambo la kwanza koplo alilofanya, na alifanya vyema, ni kuondoa waya wa umeme uliokuwa umelala sakafuni chini ya meza. Maji yashukayo taratibu hufuata waya mpaka kwenye soketi. Plagi hung'olewa kabla mkono haujaingia majini, na waya wa kila chombo hulegezwa ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone lidondoke pale kwenye kiwiko.

Hata hapo haikuwa imethibitika kwamba kioo ndicho chenye kosa. Yako maji yatokayo kwa njia nyingine. Mpira wa pampu ya hewa, pampu ikiwa imewekwa chini kuliko maji, huweza kuyavuta maji nje mara umeme unapokatika, na jambo hilo katika nyumba zetu si geni. Dawa yake ni kuipandisha pampu juu ya usawa wa maji, au kutia ndani ya mpira kile kilango kidogo kinachozuia maji kurudi. Jani la mmea au kitambaa kilichoning'inia ukingoni huyanywa maji na kuyamwaga upande wa pili kama utambi. Viputo vya hewa hurusha manyunyu. Asubuhi za baridi kioo hutoka jasho. Yote haya yalikaguliwa, na yote yakaonekana hayana hatia.

Hapo ndipo msako halisi ulipoanza. Tangi lilipanguswa nje kwa kitambaa kikavu, na kurasa za magazeti ya zamani zikatandazwa pande zote za chini. Alfajiri karatasi ya kulia mbele ilikuwa imelowa. Koplo akataka kununua gundi siku ile ile akaizibe kona ya kulia. Ingekuwa fedha ya bure. Maji yakitoka juu hutambaa kwenye mshono wa nje, hushuka hadi kwenye kitako, hufuata mwinamo wa meza, na kutokeza mbali kabisa na tundu lake. Mahali palipolowa huonyesha maji yalikoishia tu.

Jirani yake, sajini fundi wa karakana ya magari, alimfundisha njia iliyo bora: kuyashusha maji kwa mpira, sentimita 5 kila siku, na kila mara kubadilisha karatasi na kusoma alama. Maji yakiwa sentimita 40 karatasi zililowa. Sentimita 35, zililowa. Sentimita 30, zililowa kidogo mno. Yalipofika sentimita 25 karatasi zilibaki kavu, na tangi likapungua sawasawa na bakuli. Tundu, basi, lilikuwa kati ya sentimita 25 na 30. Poda ya watoto ilipakwa juu ya mishono mikavu kwa nje, na maji yakarudishwa mpaka sentimita 32. Haikupita saa moja, mstari mwembamba mweusi ukachora njia yake katika poda, kwenye kona ya kushoto nyuma, kama sentimita 29 kutoka chini. Palikuwa pia na ukoko mweupe wa chokaa, ambao jicho lililojua la kutafuta lingeuona tangu mwanzo.

Sajini akaweka pimamaji juu ya meza. Upande wa kushoto ulikuwa umeinama. Kisha akauliza swali moja tu.

"Koplo, siku ya uhamisho changarawe ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa ndani, afande. Na maji kidogo, ili samaki wasihangaike."

Hapana shaka nyumba nyingi zinazohamahama kwa amri zimefanya vivyo hivyo. Tangi la kioo husafirishwa tupu, bila changarawe na bila tone la maji. Samaki husafiri ndani ya ndoo yenye kifuniko. Uzito unaotikisika njiani huzivuta kuta huku na huku na kuibandua gundi, wala kosa halionekani mpaka wiki nyingi baadaye.

Ilibaki kutengeneza, na hapo likazuka jambo ambalo koplo hakulitazamia. Samaki wa nyumba ile walikuwa nkejje, wale ambao upande wa Mwanza huitwa furu, walionunuliwa wakiwa hai kwa mvuvi aliyewachukua kuwa chambo cha sangara. Nkejje wa Ziwa Viktoria hukadiriwa kuwa aina zipatazo 500, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje zilitoweka au kupungua vibaya. Nkejje jike huyalea mayai yake kinywani, wiki mbili hadi tatu, na muda huo halishwi akala. Akishtuliwa huweza kuyatema au kuyameza.

Mama wa nyumba ndiye aliyemwona. Jike mmoja alikuwa na kidevu kilichojaa, naye hakugusa chakula kwa siku tano.

Koplo alitaka tangi liondolewe upesi, kwa ajili ya meza. Binti alilia. Ufumbuzi ulikuwa mikononi mwao tayari: tundu likiwa kwenye sentimita 29, tangi lenye maji ya sentimita 24 halivuji. Maji yakashushwa hapo, lita 65 hivi zikabaki, na vigae vya chungu vikawekwa ili madume yasimwandame yule jike kwa kukosa nafasi. Chakula kikapunguzwa. Chini ya ubao uliovimba zikapigiliwa mbao mbili za kuushikilia, na wakangoja. Siku ya 11 watoto wa samaki walionekana wakitoka kinywani mwa mama yao na kurudi mbio kila kivuli kilipopita.

Siku ya matengenezo samaki wakubwa walihamishiwa katika beseni pana ambalo halijapata kutiwa sabuni, na wadogo ndoo yao peke yao, wote kwa maji yale yale ya tangi. Sponji ya kuchujia ilihamishwa pamoja nao bila kuoshwa kwa maji ya bomba, kwa kuwa ndani yake huishi vijidudu vinavyoyasafisha maji, na klorini huviua. Chandarua kilifunika beseni, maana nkejje huruka.

Koplo alikusudia kuziba kona moja. Sajini alimkataza, na alikuwa na haki: silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Mshono wote wa ndani ulikwanguliwa kwa wembe, pembe zote na chini, bila kuigusa gundi iliyo katikati ya kioo na kioo, ambayo ndiyo ishikayo kuta. Kioo kikafutwa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka safi. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi ukabandikwa pande mbili za kila pembe, silikoni ikasukumwa kwa mkupuo mmoja, ikalainishwa kwa kidole kilicholowa, na utepe ukang'olewa kabla haijaanza kukauka. Silikoni yenyewe ilichaguliwa ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwani ile ya bafuni huua samaki. Kuziba kwa nje hakufai: maji husukuma kiraka kitoke, hali kwa ndani hukigandamiza kioo. Na kioo chenye ufa hakizibwi, hubadilishwa.

Tangi likaachwa wazi siku 7, mpaka harufu kali ya siki ilipotoweka kabisa. Meza ikapata ubao mpya ulionyooshwa kwa pimamaji, na juu yake bamba la povu gumu jeupe, lile la kufungia redio mpya. Likajazwa uani kwanza, juu ya magazeti, kwa siku mbili. Karatasi zikabaki kavu. Maji hayo yakamwagwa, tangi likarudishwa sebuleni likiwa tupu, na maji mengine yaliyokaa wazi siku mbili yakatiwa pamoja na yale ya beseni.

Utepe wenye alama za penseli ungali kwenye kioo. Binti huusoma kila asubuhi, bakuli nalo likiwa kando, na kwa wiki tatu vyombo hivyo viwili vimepungua sawasawa.