Barua ya wazi kwa mheshimiwa anayehusika na vileo: mbege nikanunue wapi?

Mheshimiwa,

Naomba radhi kwamba barua hii haina jina la ofisi. Gari lililoisimamisha Kirikuu yetu pale Uhuru na Msimbazi halikuwa na maandishi yanayosomeka ubavuni, na vijana walioruka chini walipoulizwa wametoka wapi, walijibu "serikalini". Serikalini ni kukubwa. Basi nakuandikia wewe unayehusika na vileo hapa mjini. Kama si wewe, tafadhali mfikishie mwenzako. Mnafahamiana kuliko sisi tunavyowafahamu.

Kilichotokea unakijua, maana lazima iko ripoti, na nadhani ripoti inasema kwamba gongo ilikamatwa na kumwagwa. Naomba kusahihisha kwa unyenyekevu. Haikuwa gongo. Ilikuwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, madumu manne, imetoka Buguruni asubuhi kwa mama anayeipika, inapelekwa Kariakoo kwenye posa ya mpwa wangu. Kijana wenu mmoja alifungua kifuniko, akanusa, akawaambia wenzake, "Hii gongo hii." Dereva alijaribu kueleza, akaambiwa anyamaze asijiongezee kesi. Wakaimimina mtaroni dumu baada ya dumu, povu likafika mpaka miguuni kwa muuza machungwa, makapi ya ulezi yakabaki yamenata kwenye zege. Madumu matupu wakapakia garini wakaondoka nayo. Risiti hakuna. Labda ni ushahidi. Wa nini, sijui, maana kilichokuwemo kilikuwa tayari kinaelekea Bonde la Msimbazi.

Mheshimiwa, gongo ni nyeupe kama maji, hutoka kwenye mtambo, ukiikaribia na kiberiti inashika moto. Mbege ni nzito, rangi ya udongo, na kabla ya kunywa unapuliza makapi pembeni. Anayezichanganya hizi mbili anaweza pia kuchanganya uji na mafuta ya taa. Sheria haikuzichanganya. Gongo, ambayo sheria inaiita moshi, iliwekewa sheria yake mwaka 1966. Mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, na hiyo inaitambua pombe ya kienyeji na kuipa leseni yake. Haya nakukumbusha tu, maana kuyasimamia ndiyo kazi yako.

Sasa nije kwenye hasara. Ya posa nitaisema kwa kifupi. Tulikwenda kwa wakwe na kreti za Safari na Kilimanjaro zilizonunuliwa mbio mbio. Mzee wa upande wa pili akauliza mbege iko wapi, tukajiumauma, akaiweka chupa chini bila kuifungua, na mazungumzo yakaahirishwa. Kwetu Wachagga anayeleta mbege huonja kwanza mbele ya watu ili wote waone kwamba haina kitu, na huo ni ukaguzi wa ubora uliokuwepo kabla ya Shirika la Viwango, TBS, kuundwa mwaka 1975. Chupa yenye kizibo cha kiwandani haionjwi kwa niaba ya mtu. Lakini hilo ni la familia yangu, tutalimaliza wenyewe.

Hasara ninayoiandikia barua ni nyingine. Yule mama hapiki tena.

Aliposikia, alihesabu ndizi, ulezi, kuni na madumu, akasema basi. Anaogopa kwamba safari ijayo hawataishia njiani, watafika nyumbani kwake. Huyu ni mtu ambaye wengi wetu tuliotoka mlimani Kilimanjaro na kushika fremu Kariakoo tumenunua kwake kwa miaka. Unampigia simu Jumatatu kwa ajili ya Jumamosi, kwa sababu mbege haiharakishwi. Ndizi mbivu zinachemshwa kutwa mpaka zigeuke kahawia, kisha zinakaa kwenye pipa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaloweshwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, unapozwa, ndipo unakutana na maji ya ndizi yaliyochujwa. Uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewa, na hapo ndipo mpishi hodari anapojulikana, kwani likizidi kidogo tu ulimi unakufa ganzi. Yeye alikuwa hazidishi. Pipa likiharibika alimwaga mwenyewe na kukurudishia hela. Ofisi ngapi mjini humu zinarudisha hela?

Na bei? Lita nzima ya mbege yake ilikuwa chini ya bei ya chupa moja ya bia kwenye grosari, na chupa hiyo ni nusu lita. Kwa pesa ya mfanyabiashara mdogo, hakuna kinywaji Dar es Salaam kilichokuwa na thamani kuliko hicho. Nimekinywa, nimekinunulia wageni, sijawahi kuamka na kichwa kinachogonga. Sasa hapiki tena.

Kwa hiyo nauliza, mheshimiwa, nikanunue wapi?

Nimezunguka. Gerezani grosari zipo, na pembezoni mwa Kariakoo zipo, za kutosha mtu asife kiu. Utapata Safari, Kilimanjaro, Castle Lite, Serengeti Lite, za baridi na za moto kwa wanaopenda. Sina ugomvi nazo. Lakini ukigeuza lebo utakuta karibu zote zina wazazi wawili tu: TBL, ambayo kiwanda chake kiko hapo hapo Barabara ya Uhuru, Mchikichini, na Serengeti ya Chang'ombe. Kirikuu yetu ilipita mbele ya geti la TBL asubuhi ile, malori ya kreti yakitoka, na hakuna aliyeyasimamisha ayanuse. Wala sisemi yasimamishwe. Nasema tu pua za vijana wenu zinachagua.

Nikaambiwa niende Masaki, huko kuna bia za krafti, wanazitengeneza wenyewe humo humo. Nikaenda Crafty Dee's. Nitasema haki: bia ni nzuri. Ina mwili, ina uchungu wa maana, na kijana wa kaunta anakueleza kila moja imetengenezwaje. Matangi yanang'aa. Wateja wanapewa vionjo kwenye glasi ndogo ndogo, wanafumba macho, wanatikisa kichwa. Nilifurahi kuona kwamba katika mji huu bia ya pipa dogo, iliyopikwa na mtu unayeweza kumuuliza maswali, inaruhusiwa, inaheshimiwa, na ina leseni ukutani. Nikalipa glasi yangu, na kwa fedha ile Gerezani ningekunywa zaidi ya chupa mbili na kubaki na nauli ya kurudi. Kwa mtu wa Masaki huenda ni thamani nzuri. Gharama ya kuleta shayiri na hopsi kutoka nje inaeleweka, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT asilimia 18. Mimi ninayefungua duka alfajiri pale Mtaa wa Congo siwezi kuifanya kinywaji cha wiki. Wala haiendi kwenye posa. Nani atabeba tangi la chuma kwenda kwa wakwe?

Nilichojifunza Masaki ni kwamba pipa dogo si kosa. Kosa linategemea pipa ni la nani, na liko mtaa gani.

Baada ya hapo nikafikishwa, kwa kunong'onezwa, kwenye mbege iliyobaki Kariakoo. Ipo, mheshimiwa. Nyuma ya stoo, kwenye korido lenye giza, inatoka kwenye chupa za maji zilizookotwa, na anayekuuzia hajui imepikwa na nani. Niliiweka mdomoni nikajua ni sukari na hamira, ulezi umepitishwa juu kwa ajili ya rangi. Msesewa hakuna. Bei ni mara mbili ya ile ya Buguruni, kwa sababu unalipia na hatari ya muuzaji kukamatwa, na pengine na kitu kidogo cha anayetakiwa kumkamata. Hilo la mwisho sina ushahidi nalo. Mwenye korido alilisema huku akicheka.

Hayo ndiyo matunda ya operesheni yenu. Yule ambaye jina lake tulilijua, nyumba yake tuliijua, ambaye mbege yake ikituumiza tungejua pa kwenda kugonga, hapiki tena. Asiye na jina ameongeza bei. Kama lengo lilikuwa kulinda afya ya wananchi, afya hiyo sasa inauzwa kwenye chupa za maji zilizookotwa.

Utaniambia hakuwa na leseni. Kweli, hakuwa nayo, na si kwamba hakuitafuta. Dirisha la kwanza walimwambia aanze na afya. Afya wakamwambia wao hukagua kilabu, si jiko la nyumbani, ajenge kilabu kwanza. Alipouliza kama anaweza kupika tu bila kuuza kikombe kikombe, akaambiwa hilo ni la viwanda, na viwanda wakampa orodha ya masharti ambayo yanamfaa mtu mwenye malori. Tangu Januari 2019 bia, mvinyo na vinywaji vikali vina stempu za kielektroniki. Aliniuliza mimi, kwa nia njema kabisa, stempu inabandikwa wapi kwenye dumu.

Na kuna hili ambalo sijui nicheke au nilie. Serikali yetu hutoza ushuru mdogo zaidi kwa bia iliyotengenezwa kwa nafaka za nchini zisizooteshwa, ili mkulima wetu apate soko. Jambo jema. Ulezi wa mbege ni wa mkulima wetu huyo huyo, ila bahati mbaya huwa unaoteshwa. Bibi zetu walioanza kuuotesha hawakuliona hilo linakuja.

Usiniambie haiwezekani. Arusha wapo Banana Investments, wanaiweka pombe ya ndizi kwenye chupa, inaitwa Raha, na inauzwa madukani mchana kweupe. Kenya, mwaka 2010, waliifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa, ambayo ni kali kuliko mbege mara nyingi, wakasema afadhali ipikwe tukiiona. Hata hapa kwetu, viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, kulikuwa na tangazo na tarehe, kila mwenye duka alijua siku ya kuacha, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshukuru. Serikali ikitaka kusema, inajua kusema. Mbege imesemewa na pua ya kijana mmoja barabarani.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya dumu. Sisi wa Kariakoo tumezoea kuwa watu wa kushtukizwa. Mwaka 2023, na tena 2024, tulifunga maduka mpaka viongozi wakaja kutusikiliza, na sehemu ya kilio ilikuwa hii hii: mtu anakuingilia, hajitambulishi vizuri, anachukua, anaondoka. Na hatari zinazohitaji mkaguzi kweli tumeziona: soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka katikati ya biashara, watu wakafa chini ya zege siku ya Jumamosi. Nguvu kazi ya kusimama kona na kunusa madumu ya posa ipo, na mafuta ya gari yapo. Ningependa kujua ratiba ya gari linalokagua nguzo.

Nimetoka nje sana, narudi. Ninachoomba si kikubwa. Fanyeni iwezekane kwa mama mmoja, kwenye uga wake, kupika mapipa mawili kwa wiki kwa oda, akaguliwe maji yake na vyombo vyake, alipe ada inayolingana na mapipa mawili, apewe karatasi ya kumwonyesha kijana yeyote atakayefungua kifuniko. Vijana hao wafundishwe tofauti ya mbege na gongo. Ni somo la nusu saa, na mwalimu ninaye, maana siku hizi hana kazi nyingine. Madumu manne yarudi. Ni ya bluu, yamefungwa kitambaa chekundu mkononi, na si yangu wala yenu, ni yake.

Na kama jibu ni kwamba mbege hairuhusiwi kabisa mjini, hata ya posa, hata ya msiba, hata iliyopikwa kwa usafi, basi naomba jibu hilo kwa maandishi, likiwa na jina la ofisi, sahihi na mhuri. Nitalibandika dukani juu ya kaunta. Kila wiki wanakuja watu kuniuliza wakanunue wapi, na ningependa wamjue anayewajibu.

Wako mtiifu,
Mwenye fremu, Mtaa wa Congo, Kariakoo