Mlango Uliofungwa Una Mwenyewe

Jioni, shughuli za bandari ya Rumonge zinapopungua, mabaharia wengi hawahangaiki kutafuta nyumba ya kulala. Chombo ndicho nyumba yao. Humo hupika, humo hufua, humo hulala juu ya magunia ya shehena. Ndivyo waishivyo hata ugenini, wafikapo Kigoma upande wa Tanzania, Kalemie upande wa Kongo, au Mpulungu kule Zambia, mwisho wa ziwa. Siku za kungojea shehena huwa nyingi, na mtu aliyebanwa chomboni hutamani kunyoosha miguu mjini. Mgeni wa namna hii aghalabu huona mambo ambayo wenyeji wamekwisha kuyazoea hata hawayaoni tena.

Huenda siku moja, katika mji fulani wa Afrika Mashariki, akakuta jengo lenye paa lililochongoka, ngazi zake zimeota nyasi, na mlangoni ipo ndoano ya kengele ilhali kengele yenyewe haipo. Hilo ni hekalu la Wahindu, ambao wazee wa pwani waliwaita Mabaniani. Aingiaye humo kusali huvua viatu, hugonga kengele, kisha husimama mbele ya sanamu na taa ya samli. Hekalu likikosa kuhani na waumini, mvua hupenya darini, mbegu iangushwayo na ndege huota katika ufa, na mizizi huupanua ufa ule mwaka hata mwaka mpaka ukuta ukaanguka.

Wenyewe wamekwenda wapi? Mababu zao walifika zamani kwa majahazi kutoka Kutch na Gujarati, wakisukumwa na pepo za kaskazi mpaka Unguja. Wengine waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Vibarua wa Kihindi katika kazi hiyo walikuwa wapatao 32,000, ingawa wengi walirejea kwao. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya mfanyabiashara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ikawa nyepesi. Palipofunguliwa maduka, waumini walichanga fedha wakajenga mahali pa sala.

Baadaye mambo yaligeuka. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Wahindi wengi waliondoka visiwani. Tanzania Bara nako wengi walihama baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Mtu aweza kufunga masanduku yake kwa siku 90, lakini hekalu halibebeki. Waliondoka wakaliacha.

Msomaji wa Rumonge hahitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili. Mwaka ule ule wa 1972, kuanzia mwisho wa Aprili, kusini mwa Burundi kulizuka machafuko, na mauaji yaliyofuata yaliwakimbiza watu wengi mno. Kutoka mwambao huu wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi wakaingia Tanzania, huku nyuma wakiacha nyumba, makaburi ya wazee na mashamba ya michikichi. Waliporudi, baadhi yao baada ya zaidi ya miaka thelathini, walikuta watu wengine wakikamua mawese ya michikichi ile. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulitambua haki ya mkimbizi kurudishiwa mali yake, na mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya kushughulikia ardhi na mali nyingine. Kesi za Rumonge zilikuwa miongoni mwa zile ngumu kabisa, kwa kuwa aliyeikalia ardhi naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Kwa hiyo baharia wa Rumonge asimamapo mbele ya hekalu lililofungwa, anasimama mbele ya habari ya kwao. Asing'oe bawaba, wala asichukue jiwe la ngazi kwa kisingizio kwamba halina mtu. Akimkuta mzee wa mtaa, amwulize kwa adabu ni la nani.

Askari ana wajibu mzito zaidi, kwani mara nyingi ndiye abakiaye mjini raia wakishakimbia. Mkataba wa Hague wa 1954 unayataka majeshi yazuie wizi na uharibifu wa mali ya urithi, yakiwemo majengo ya dini yenye thamani kubwa. Askari wa Burundi, waliohudumu Somalia tangu mwishoni mwa 2007, wanajua maana ya kulinda mji wa watu wengine. Polisi naye, aletewapo kengele au mlango wa kuchonga unaouzwa kwa bei ya kutupa, yampasa aulize ulikotoka.

Na nyumbani, wazazi wawakataze watoto kupafanya mahali pa sala jalala, hata kama sala yenyewe ni ya dini nyingine.

Katika miaka ya 1990 Waasia wa Uganda walianza kurudi na kurejeshewa mali, na leo kengele za mahekalu ya Kampala zinalia tena. Aliyerudi Rumonge akaukuta mchikichi wa baba yake bado umesimama anaielewa furaha hiyo.